Msemaji wa Tatu

Kaseti ilikuwa ndani ya boksi la viatu namba tisa.
Baba alivinunua hapa hapa Northampton, mji wa washona viatu,
akavivaa siku moja, vikambana, akavirudisha boksini
na kaseti juu yake, kama mtu anayefunika deni.
Ubavuni, kwa wino wa buluu: *Tanga, Januari 91.*
Haikutumwa. Stempu zilikuwa ghali, au aliona haya,
au mama alisema kitu. Baba hayupo wa kuulizwa.

Nikaipitisha kwenye waya, waya kwenye kompyuta,
alfajiri, nimetoka zamu ya bohari,
vidole vingali na gundi ya makasha.
Programu niliyoipakua haijui Kiswahili.
Haina haja na tunachosema.
Inauliza moja tu: ni nani, na sasa ni nani tena?
Inakata maneno vipande vya sekunde moja na nusu,
kila kipande inakigeuza safu ya namba mia na tisini na mbili,
kisha inazipima zinavyokaribiana,
kama shangazi msibani anayepanga watu kwa pua na paji:
huyu wetu, huyu wa kwao,
huyu sijui katokea wapi.

Kulipokucha ikanipa orodha.

Msemaji wa 1, baba:
*Kaka Mbwana, baridi ya huku haina adabu,
inaingia bila hodi.*

Msemaji wa 2, mama, anataja wa kusalimiwa,
Bi Mwanasha, Mwalimu Shekue na watoto wake mmoja mmoja,
mpaka muuza mafuta ya taa
ambaye jina limempotea, *yule mwenye kidoto.*

Msemaji wa 4: birika.
Nilicheka peke yangu jikoni. Mluzi wa sekunde sita,
na mashine imelipa uraia
kabla baba hajaupata.

Na Msemaji wa 3.
Dakika ya kumi na tisa. Sekunde kumi na moja.
Mwanamke. Hatamki neno.
Baba anaeleza ndevu zake zilivyoganda kituo cha basi,
na huyo mtu anaangua kicheko.
Kinaanzia chini, kinapanda, kinakwama,
kinavuta pumzi kwa kelele kama pampu ya baiskeli,
halafu kinaporomoka chote.

Nilihesabu wanawake waliowahi kuingia nyumba ile.
Jirani wa Kiairishi? Mke wa Salehe wa kiwandani?
Niwe mkweli: kwa siku nne nilimshuku baba,
nikawa nausikiliza usiku
ule ushahidi wa sekunde kumi na moja.

Jumapili nikampelekea mama.
Alikuwa kando ya kipasha joto, soksi mbili mbili.
Akavaa visikizi juu ya mtandio.
Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili.
Ya tatu akashika goti langu.

"Huyu ni mimi."

Mashine ilimpima mama na mama,
ikapata sifuri nukta mbili tisa,
ikaamua hawajuani.

Ningebisha vipi? Mimi mwenyewe,
niliyelala tumboni mwake karibu miezi tisa,
nakijua kicheko chake: cha puani, kifupi,
kiganja mdomoni, kama anayezuia chafya ofisini kwa watu.
Kile kingine sijawahi kupewa.

Kwenye kioo kuna kitufe: *Unganisha wasemaji.*
Nikauweka mshale juu yake.
"Niwaunganishe?"

Alitazama dirishani, kule mapipa ya taka yanakosubiri Jumatatu.
"Mwache na namba yake," akasema.
"Yule alikuwa hajajua kwamba haturudi."

Nikafunga kompyuta nusu. Akaizuia kwa kidole.

"Hebu nirudishie pale pa birika.
Lilikuwa birika zuri lile."